Namba iliyoambiwa haina faida

Mwaka 1811 Peter Barlow, mwalimu wa hisabati katika chuo cha kijeshi cha Woolwich karibu na London, alichapisha kitabu kuhusu tabia za namba nzima. Humo aliitaja namba 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu kubwa kuliko zote zilizokuwa zikijulikana, akatabiri kwamba haitapatikana nyingine ya kuipita. Sababu yake ilikuwa rahisi: namba za aina hiyo zinavutia tu, hazina faida, basi nani atapoteza muda wake kuzitafuta?

Namba hiyo ndefu ina moyo wake, nao ni 2,147,483,647. Leo moyo huo umo ndani ya simu, kompyuta za benki, mitambo ya ndege na maelfu ya programu ambazo watu hutumia bila kujua. Umewahi kuisumbua YouTube, umewatia wahandisi wa Boeing kazini, na una miadi na dunia nzima mwezi Januari 2038. Barlow alikuwa mwanahisabati hodari, lakini alikosea pale wengi wetu tunapoendelea kukosea: alidhani elimu ya namba hupimwa kwa faida inayoonekana siku ileile.

Kosa hilo bado linaishi katika mijadala ya elimu ya Afrika Mashariki. Kenya ilipokuwa ikipanga sekondari ya juu chini ya mtaala mpya, hisabati ilikaribia kuwa somo la hiari kwa wanafunzi wasiochukua mkondo wa sayansi. Wananchi walilalamika, na Aprili 2025 Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, akatangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma: wa sayansi hisabati kamili, wengine toleo jepesi zaidi. Uamuzi ulikuwa mzuri. Lakini hoja iliyotawala mjadala, kwamba mtoto afundishwe hesabu zitakazomsaidia dukani na kazini, ni hoja ileile ya Barlow. Kwa kipimo hicho, elimu ya namba tasa ndiyo itakayokuwa ya kwanza kukatwa. Itakuwa hasara, na namba 2,147,483,647 inaonyesha kwa nini.

Tuanze na umbo lake. Chukua mbili, izidishe kwa mbili, endelea mpaka umezidisha mbili 31 kwa jumla, kisha toa moja. Kwa maandishi ya kihisabati ni 2³¹ − 1. Namba za umbo hili huitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne, ambaye mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo (hapa kipeo ni 31) ambavyo, kwa maoni yake, huzaa namba tasa: yaani namba isiyogawanyika bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Kwa nini watu walizijali? Kwa sababu ya namba kamilifu, zile ambazo vigawo vyake vikijumlishwa, ukiiacha namba yenyewe, huirudisha namba ileile. Sita ni 1 + 2 + 3. Ishirini na nane ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid alionyesha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba kila namba tasa ya umbo hili huzaa namba kamilifu moja, na namba kubwa ya Barlow ilizaliwa hivyo: 2,147,483,647 ikizidishwa kwa 1,073,741,824.

Sasa swali gumu: ilijulikanaje kwamba namba yenye tarakimu kumi ni tasa, kabla ya mashine yoyote ya kuhesabu? Pietro Cataldi wa Bologna alidai hivyo mwaka 1603, lakini dai lake halikuwa na uzito. Alitaja pamoja nayo vipeo 23, 29 na 37, na madai hayo matatu yakaja kuonekana si kweli. Aliyelimaliza suala hilo ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, katika barua yake ya mwaka 1772 kwa mwanahisabati mwenzake Bernoulli. Wakati huo Euler alikuwa karibu kipofu kabisa, na kazi zake ziliandikwa na wasaidizi huku yeye akizitoa kichwani.

Njia ya kawaida ni kuigawanya namba kwa kila namba tasa ndogo hadi kufikia kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na ushei. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya 4,700. Mtu angeweza kufa kabla hajamaliza, au angekosea katikati asijue. Euler alitumia jambo alilolijua Pierre de Fermat zaidi ya karne moja kabla yake, na jambo hilo linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa hapo ndipo uzuri wote ulipo.

Chukua mfano mdogo, 2¹¹ − 1, yaani 2,047. Vigawo vyake ni 23 na 89. Ondoa moja kutoka kwa kila kimoja: unapata 22 na 88. Zote mbili zinagawanyika kwa 11, kipeo chenyewe, na kwa 2. Si bahati. Ukizidisha mbili mfululizo na kila mara ukaigawanya kwa 23 na kubakiza baki tu, baki hizo huzunguka na kurudi kwenye moja baada ya hatua 11. Fermat aligundua kwamba kwa namba tasa yoyote isiyo 2 mzunguko huo lazima pia ukamilike baada ya hatua pungufu ya namba hiyo kwa moja, yaani hatua 22. Mzunguko wa 11 ukitoshea kikamilifu ndani ya hatua 22, basi 22 ni lazima igawanyike kwa 11. Sheria hiyo haina upendeleo: kigawo chochote tasa cha 2³¹ − 1 lazima kiwe kimezidi kwa moja namba inayogawanyika kwa 62.

Kwa sheria hii peke yake Cataldi angejiokoa. Kwa kipeo cha 23, namba ya kwanza kabisa ya kujaribu ni 47, na 8,388,607 inagawanyika kwa 47 bila baki. Fermat aliliona hilo mwaka 1640. Kwa kipeo cha 29, ya kujaribu ni 59, kisha, ukiruka zisizo tasa, 233, nayo inaingia. Mgawanyo mmoja au miwili ulitosha kuangusha madai yaliyochapishwa kitabuni.

Euler aliongeza sharti la pili: kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Masharti mawili yakiunganishwa, zinabaki namba za aina mbili tu: zilizozidi kwa 1 au kwa 63 vipindi vya 248. Hadi kufikia 46,340 ziko 372, na nyingi kati ya hizo hazifai kujaribiwa kwa sababu si tasa. Ya kwanza iliyo tasa ni 311. Gawanya: 311 inaingia mara 6,905,092, baki 35. Inayofuata ni 1,303: inaingia mara 1,648,107, baki 226. Euler aliendelea hivyo hadi mwisho wa orodha, na kila mara ilibaki baki. Kwa hiyo 2,147,483,647 ni tasa, na ni tasa kwa uthibitisho ambao mtu yeyote mwenye kalamu na subira anaweza kuurudia leo.

Hapo ndipo Barlow alipodhani safari imekwisha. Alifariki mwaka 1862. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, namba ya tarakimu 39, ni tasa, na namba kamilifu mpya ikazaliwa. Mwaka 1883 kasisi mmoja wa vijijini katika eneo la Ural nchini Urusi, Ivan Pervushin, akathibitisha ile ya kipeo cha 61, ambayo Mersenne aliiacha nje ya orodha yake. Hakuwa na maabara. Alikuwa na karatasi na elimu iliyomfikia kijijini.

Lucas alionyesha pia jambo la ajabu kuhusu kipeo cha 67, ambacho Mersenne alikiorodhesha: namba yake si tasa. Alijua hivyo bila kujua kigawo chake hata kimoja. Vigawo vyenyewe, 193,707,721 na 761,838,257,287, vilitolewa na Mmarekani Frank Nelson Cole mwaka 1903. Pengo hilo kati ya kujua kwamba namba inagawanyika na kujua inagawanywa na nini si mchezo wa wasomi. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walijenga juu ya pengo hilohilo mfumo wa kuficha ujumbe unaoitwa RSA, ambao umelinda mawasiliano ya benki na tovuti kwa miongo kadhaa.

Turudi kwenye 2,147,483,647, maana utasa wake nao uliajiriwa. Kompyuta inapoigiza jambo la bahati nasibu, kama foleni ya wateja benki au kuenea kwa maradhi katika mji, inahitaji namba zinazoonekana kana kwamba zimetoka hovyo. Mwaka 1969 wataalamu wa kompyuta za IBM walieleza njia fupi, na mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller wakaipendekeza iwe kiwango cha chini cha kila kompyuta. Anza na 1. Zidisha kwa 16,807. Jibu likizidi 2,147,483,647, ligawanye kwa namba hiyo na ubakize baki. Hatua ya kwanza inatoa 16,807. Ya pili, 282,475,249. Ya tatu inatoa 4,747,561,509,943, ambayo baki yake ni 1,622,650,073. Endelea hivyo na utapita kwenye kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, mara moja moja, kabla ya kurudi ulipoanzia.

Kukamilika huko kunategemea utasa. Namba hiyo ingekuwa na kigawo chochote, namba chungu nzima zisingefikiwa kamwe. Kwa siri za benki njia hii haifai, kwa kuwa aliyeijua hatua moja anajua inayofuata, lakini kwa uigizaji wa kawaida imefanya kazi kubwa, na imo hadi leo katika maktaba ya lugha ya C++. Kazi ya Euler, iliyohitimishwa kwa barua, ikawa kifaa.

Upande wa pili wa namba hii ndio unaopaswa kuwashughulisha wanunuzi wa programu katika nchi zetu. Kompyuta nyingi zilizoea kuhifadhi namba nzima kwa biti 32, moja ikiwa ya alama ya hasi au chanya na 31 zikiwa za kiasi. Kwa hiyo kiasi kikubwa kabisa kinachotoshea ni 2,147,483,647. Hapa utasa ni sadfa tu. Kwenye biti 16 kikomo ni 32,767, kinachogawanyika kwa 7. Kwenye biti 64 ni 9,223,372,036,854,775,807, nacho kinagawanyika kwa 7 mara mbili. Vipeo 15 na 63 si tasa, na kipeo kisicho tasa hakizai namba tasa. 31 ni tasa, na ikawa na bahati.

Ukiongeza moja juu ya kikomo, katika mifumo mingi namba haigomi wala hailalamiki. Kama mita ya gari iliyojaa tisa tupu inavyorudi sifuri, nayo hugeuka, ila hii huangukia hasi 2,147,483,648. Desemba 2014 Google ilieleza kwamba kaunta ya YouTube ilibidi ibadilishwe kuwa ya biti 64, kwa sababu wimbo wa Gangnam Style wa Psy, msanii wa Korea Kusini, ulikuwa umetazamwa hadi kufikia kikomo hicho. Hilo lilichekesha. La mwaka uliofuata halikuchekesha: mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kuhusu ndege za Boeing 787 baada ya kubainika kwamba vidhibiti vya jenereta zake vingezimika vikiachwa na umeme siku 248 mfululizo, kwa sababu kaunta ya programu yao hujaa. Gawanya 2,147,483,647 kwa sehemu za mia za sekunde zilizomo katika siku moja, nawe unapata siku 248 na nusu. Dawa ya muda ilikuwa kuzima umeme wa ndege kwa vipindi. Kenya Airways ilikuwa na ndege za aina hiyo tangu 2014, na Air Tanzania ikapata yake ya kwanza mwaka 2018, kwa hiyo hesabu hii haikuwa ya watu wa mbali.

Kisha kuna miadi. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu muda kwa sekunde kuanzia mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za Greenwich. Pale inapozihifadhi kwa biti 32, nafasi itajaa Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itaamini kwamba ni Desemba 1901. Marekebisho yanaendelea: kiini cha Linux kiliongezewa uwezo wa kuhesabu muda kwa biti 64 hata kwenye mashine za biti 32 katika toleo la 5.6 la mwaka 2020. Wasiwasi uko kwenye vifaa vidogo vilivyofungwa ukutani au ndani ya mitambo, visivyopata programu mpya, na kwenye mifumo ya ofisi ambayo mtengenezaji wake ameshaondoka. Na tatizo halisubiri 2038. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 uliochukuliwa 2025 unaisha 2040, na mfumo unaoupangia marejesho unaivuka tarehe hiyo leo.

Fedha zetu nazo zinaongeza uzito. Bajeti ya Tanzania ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, karibu mara 23,000 ya kikomo cha biti 32. Hakuna wizara inayohitaji kufundishwa hilo, lakini programu nyingi za vyama vya akiba, shule na maduka huandikwa na vijana kwa bei nafuu, au hununuliwa kutoka nchi ambazo bilioni mbili ni utajiri usiofikirika. Mfumo ukihifadhi fedha kwa senti, kikomo chake ni shilingi 21,474,836 na senti 47. SACCOS ndogo ya walimu inavuka kiasi hicho. Swali la kumuuliza muuzaji linatosha mstari mmoja: namba za fedha na za tarehe zinahifadhiwa kwa biti ngapi? Liwe sharti la kila zabuni ya umma. Kulijibu hakugharimu chochote, na kutoliuliza kunaweza kugharimu sana.

Lakini kuuliza swali hilo kunahitaji mtu aliyezoea kuitazama namba na kutaka kujua imejengwaje, si ukubwa wake tu. Mazoea hayo hujengwa shuleni, na shule zetu huyaacha mapema mno. Mtoto anakutana na namba tasa shule ya msingi, anaziorodhesha hadi 100, anazitumia kutafuta kigawe kidogo cha shirika (KDS) na kigawo kikubwa cha shirika (KKS), kisha anaagana nazo. Anabaki akidhani namba tasa ni orodha ya kukariri, tena imekwisha. Hakuna anayemwambia kwamba Oktoba 2024 Mmarekani Luke Durant aligundua namba tasa yenye tarakimu 41,024,320, nayo ni ya Mersenne, ya kipeo cha 136,279,841, wala kwamba hadi sasa hakuna aliyethibitisha kama namba tasa za aina hiyo zina mwisho au hazina. Ni swali linaloeleweka na mtoto wa miaka 12, na limewashinda walimwengu wote.

Watakaosema shule hazina vifaa waangalie kinachohitajika. Mwalimu wa kidato cha kwanza aandike ubaoni 8,191, yaani 2¹³ − 1, na sheria ya Fermat: kigawo chochote tasa lazima kizidi kwa moja namba inayogawanyika kwa 26. Kipeuo cha pili ni 90 na ushei. Za kujaribu ni 27, 53 na 79, na 27 si tasa. Wanafunzi wagawanye: kwa 53 baki ni 29, kwa 79 baki ni 54. Kwa migawanyo miwili darasa zima limethibitisha kwamba namba ya tarakimu nne ni tasa. Wiki inayofuata wapewe 131,071, ya kipeo cha 17. Cataldi aliijaribu kwa kila namba tasa iliyo chini ya kipeuo chake, nazo ni 72. Wanafunzi watahitaji 103, 137, 239 na 307 tu, na kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha.